Kizuri Chajiuza? Maadili ya Uchuuzi wa Majumbani na Karamu za Mauzo

Utangulizi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutumiwa sana kuwaasa vijana wasijirahisishe mbele za watu, hata wasomaji wengi wakasahau kwamba taswira yake imetolewa sokoni. Maana yake ya juu ni hii: bidhaa iliyo bora humngoja mnunuzi palepale ilipo, nayo bidhaa duni hupitishwa mlango kwa mlango ikitafuta wa kuihurumia. Kwa mujibu wa methali, basi, kule kutembezwa kwenyewe ni ushahidi dhidi ya kitu kinachotembezwa.

Historia ya biashara katika karne ya ishirini inaitatiza hoja hiyo. Nchini Marekani palitokea bidhaa ambayo wataalamu wachache wangeweza kuitilia shaka ubora wake, nayo ikakataa katakata kujiuza madukani. Ilipoondolewa rafuni na kupelekwa sebuleni ikauzika kwa mamilioni. Bidhaa hiyo ni vyombo vya plastiki vya Tupperware, na mbinu iliyotumika ni karamu ya nyumbani. Makala haya yanafafanua jinsi mbinu hiyo inavyofanya kazi, yanaonyesha ni wapi hasa suala la maadili linapojitokeza ndani yake, na yanaichunguza lugha inayoibeba. Suala la lugha halijachomekwa hapa kwa ajili ya kuwaridhisha wanafunzi wa Kiswahili. Katika biashara hii maneno ni sehemu ya mtaji, na pengine ndiyo sehemu kubwa zaidi.

Suala la istilahi

Kiswahili kina neno la kale la kazi hii, nalo ni uchuuzi. Mchuuzi hununua kwa jumla au kwa kukopeshwa, kisha huuza kidogo kidogo kwa kuwafuata wateja waliko. Katika miji ya pwani, wanawake wamekuwa wakipitisha leso, udi na manukato nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi, na malipo yakakusanywa polepole hadi mwisho wa mwezi. Huu ni uuzaji wa moja kwa moja kwa maana kamili ya istilahi hiyo: hakuna duka, hakuna tangazo, kuna mtu na mtu.

Hata hivyo, istilahi mpya zimeleta mkanganyiko. Kwa wasemaji wengi wa Afrika Mashariki, "biashara ya mtandao" ilikuwa na maana ya mfumo ambao muuzaji huandikisha wauzaji wengine chini yake na kupata kamisheni kutokana na mauzo yao. Baada ya neno mtandao kuenea kwa maana ya intaneti, istilahi ileile ikawa na maana mbili, na anayealikwa katika "biashara ya mtandao" hajui kama anaitwa kufungua duka la intaneti au kuandikisha majirani. Utata huo si hasara kwa anayealika. Neno upatu nalo limepatwa na masaibu kama hayo. Asili yake ni mchezo wa heshima wa kuchangiana fedha kwa zamu, sawa na vyama vya akina mama wa Kenya vinavyopokezana mchango kila mwezi. Lakini nchini Tanzania jina hilo limetumiwa pia kwa miradi ya piramidi, hadi watu wakalazimika kuongeza kivumishi na kusema "upatu haramu". Jina la wema likikopeshwa kwa udanganyifu, anayeumia kwanza ni yule aliyelizoea kwa maana ya wema.

Katika makala haya, uchuuzi wa majumbani utamaanisha uuzaji wowote unaofanyika kwa ana kwa ana nje ya duka; karamu ya mauzo itamaanisha ule unaofanyika mbele ya wageni walioalikwa na mwenyeji; na mfumo wa ngazi utamaanisha ule unaomlipa muuzaji kwa kazi ya wauzaji aliowaleta. Mambo haya matatu huchanganywa kwa urahisi, na hukumu ya kimaadili ikitolewa bila kuyatenganisha humwonea mchuuzi wa leso na kumwachilia mlaghai.

Chimbuko la karamu

Uchuuzi wa kisasa wa Marekani una matawi mengi. Mwaka 1886 David McConnell, aliyekuwa akiuza vitabu mlango kwa mlango, aliasisi kampuni ya manukato ambayo baadaye ilijulikana kama Avon, na akawatumia wanawake kuuzia wanawake wenzao. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Stanley Home Products, iliyouza brashi na vifaa vya usafi, ilianza kufanya maonyesho mbele ya kikundi badala ya mteja mmoja. Faida ya hesabu ilikuwa dhahiri: mwendo mmoja, wateja kumi.

Earl Tupper, mvumbuzi wa Massachusetts, alianza kuuza vyombo vyake vya plastiki mwaka 1946. Kifuniko chake kiliundwa kwa kufuata mantiki ya kifuniko cha kopo la rangi, na kilizuia hewa na maji kupita. Tatizo ni kwamba kifuniko hicho hakikujieleza. Mnunuzi dukani hakujua kwamba alipaswa kukibonyeza katikati na kuinua ukingo kidogo ili hewa itoke; alikifunga vibaya, kikafunguka, akakirudisha. Chombo kizuri kikahitaji mtu wa kusimama kando yake na kukisemea.

Mtu huyo alikuwa Brownie Wise, mama aliyetalikiwa na kuachiwa mtoto mmoja, ambaye alikuwa amejifunza kazi ya maonyesho katika kampuni ya Stanley. Mauzo yake na ya wenzake yalipomfikia Tupper masikioni, Tupper alimfanya makamu wa rais wa kampuni mwaka 1951 na kuviondoa vyombo vyake madukani. Wise alijulikana kwa kulijaza bakuli juisi ya zabibu, kulifunga, kisha kulirusha kutoka upande mmoja wa sebule hadi mwingine huku wageni wakishika mashavu. Mwaka 1954 alikuwa mwanamke wa kwanza kuonekana katika jalada la jarida la Business Week. Januari 1958 alifutwa kazi. Hakuwa na hisa hata moja katika kampuni aliyoijenga. Alilipwa kiasi cha mshahara wa mwaka mmoja, takriban dola 30,000. Mwaka uohuo Tupper aliiuza kampuni kwa dola milioni 16.

Kisa hicho husimuliwa kama habari ya mtu mmoja na bosi wake. Lakini kinadokeza sura ya kudumu ya biashara hii: wanaoiendesha kwa miguu, midomo na masebule yao si wanaoimiliki.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Utaratibu wa karamu ni huu. Muuzaji humtafuta mwanamke mmoja mwenye marafiki na kumwomba afungue mlango wake. Mwanamke huyo, yaani mwenyeji, huwaalika majirani, jamaa na wafanyakazi wenzake. Chai huandaliwa. Michezo midogo huchezwa, na kila mgeni hupata kijizawadi, hata kama ni kitu cha senti chache. Kisha bidhaa huonyeshwa, hupitishwa mkono kwa mkono, na fomu za kuagizia hutolewa. Mwishoni mwenyeji hupewa zawadi, ambayo thamani yake hukua kadiri wageni wake walivyonunua.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo husifu baraka zinazokuja na mgeni: kwa ajili yake hupikwa kilicho bora, na watu wa nyumbani nao wakala. Katika karamu ya mauzo methali inatimia kwa namna ambayo wahenga hawakuitazamia. Mwenyeji anapona kweli, tena kwa kipimo, kwa mujibu wa jumla ya fomu zilizojazwa. Na hapo ndipo suala la maadili linapoanza.

Mwanaanthropolojia Marcel Mauss, katika insha yake mashuhuri kuhusu zawadi ya mwaka 1925, alieleza kwamba zawadi huambatana na wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea na wajibu wa kurudisha. Jamii za Waswahili hazikuhitaji kuambiwa hayo. Anayetunzwa harusini huweka akilini nani alileta nini, na siku ya harusi ya mwenzake hulipa. Sahani ya futari iliyoletwa na jirani hairudishwi tupu. Kikombe cha chai kinachotolewa katika karamu ya mauzo kinaingia katika mkondo uo huo wa wajibu, na kijizawadi kile cha senti chache kinauongezea nguvu. Mgeni ameshakula, ameshacheka, ameshapewa. Fomu inapomfikia, hana njia ya kurudisha isipokuwa kuijaza.

Mwanasaikolojia Robert Cialdini alipoandika juu ya ushawishi mwaka 1984 aliitaja karamu ya Tupperware kuwa mfano unaokusanya karibu silaha zote za mshawishi mahali pamoja. Jambo la msingi alilolionyesha ni kwamba ombi la kweli la kununua halitoki kwa muuzaji mgeni aliyesimama mbele na mabakuli. Linatoka kwa rafiki aliyeketi kando akimimina chai, hata kama hafungui kinywa. Mgeni hajiulizi, "Je, nahitaji bakuli hili?" Hujiuliza, "Je, naweza kumwangusha Mama Fulani nyumbani kwake?" Miaka sita baadaye, watafiti Jonathan Frenzen na Harry Davis walichapisha uchunguzi kuhusu soko la aina hii, nao ukaonyesha kwamba uzito wa uhusiano kati ya mgeni na mwenyeji huathiri kama mgeni atanunua au la.

Je, kuna kosa gani hapo? Mtetezi wa karamu atasema kwamba binadamu wamewauzia jamaa zao tangu soko lilipoanza, na kwamba mwenye duka mtaani pia hununuliwa kwa sababu ya ujirani. Hoja hiyo ina uzito, ila inaruka tofauti moja. Mteja wa duka la jirani anajua kwamba amekwenda dukani. Anaweza kupita barabara ya pili siku ambayo hana fedha, na hakuna atakayeona. Mgeni wa karamu yumo ndani ya nyumba ya mtu, mlango umefungwa nyuma yake, na adabu iliyomlea inamkataza kuondoka kabla ya wengine. Kile ambacho duka hupata kwa bei na ubora, karamu hukipata kwa haya. Na haya, katika maana yake ya Kiswahili, ni sifa ya mtu mwema. Asiye na haya angesema hapana akaenda zake. Biashara inayowatoza zaidi wenye adabu na kuwasamehe wasio nayo ina kasoro hata kama kila bakuli ni zima.

Kasoro hiyo hupungua sana pale mambo mawili yanapotimia. La kwanza ni mwaliko kusema ukweli. Mgeni aliyeambiwa, "Jumamosi kuna maonyesho ya vyombo kwangu, atakayependa atanunua," amekuja sokoni kwa hiari yake. Mgeni aliyeambiwa, "Njoo tunywe chai, siku nyingi hatujaonana," ametekwa, maana ameletwa kwa jina la urafiki akakabidhiwa kwa biashara. La pili ni zawadi ya mwenyeji kujulikana. Rafiki anaposifu kitu, sifa yake hupewa uzito kwa sababu inadhaniwa haina malipo. Ikiwa ana fungu ndani yake, anayesikiliza ana haki ya kujua, kwa sababu ileile inayomfanya dalali wa ardhi atambulike kuwa ni dalali.

Watu wanapokuwa bidhaa

Hadi hapa mazungumzo yamehusu bakuli. Katika mfumo wa ngazi, kinachouzwa hubadilika polepole. Muuzaji hulipwa kwa mauzo yake, kisha hulipwa kwa mauzo ya aliowaandikisha, kisha kwa mauzo ya walioandikishwa na hao. Kila ngazi inapoongezeka, kuuza bakuli kunakuwa kazi ya kipumbavu ikilinganishwa na kuuza nafasi ya kuuza bakuli.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Mtu mmoja akiandikisha 6, na kila mmoja wao akiandikisha 6, ngazi ya tatu itakuwa na watu 216, ya sita 46,656, na ya tisa 10,077,696. Ngazi ya kumi itahitaji watu 60,466,176, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika Kenya nzima, wakiwamo watoto wachanga. Si hilo tu. Popote mfumo huo utakapokoma, takriban watu 5 kati ya kila 6 watakuwa katika ngazi ya mwisho, wasiokuwa na mtu chini yao. Kushindwa kwao hakutokani na uvivu. Kumo katika umbo la chombo chenyewe, na anayewaambia kwamba walishindwa kwa kukosa bidii anawadhulumu mara ya pili.

Sheria ya Marekani ilitafuta mpaka kati ya mfumo halali na piramidi kwa muda mrefu. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliamua kesi ya Koscot, kampuni ya vipodozi kutoka Florida, na kuweka kipimo kinachotumika hadi leo: ni piramidi pale mshiriki anapolipa fedha ili apate haki ya kuuza bidhaa pamoja na haki ya kulipwa kwa kuandikisha wengine, malipo yasiyohusiana na bidhaa kuwafikia watumiaji wa mwisho. Mwaka 1979 tume hiyohiyo iliichunguza Amway na kuamua kwamba haikuwa piramidi, kwa sababu ilikuwa na kanuni za kuzuia maovu: muuzaji alitakiwa awe ameuza walau asilimia 70 ya bidhaa alizonunua, awe na wateja 10 wa rejareja kwa mwezi, na kampuni irudishiwe bidhaa na kurudisha fedha mtu alipojitoa. Baadaye kampuni nyingi zilinakili kanuni hizo katika mikataba yao. Kuziandika ni jambo moja, kuzifuata ni jingine. Mwaka 2016 kampuni ya Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili jinsi inavyowalipa wauzaji, baada ya tume kudai kwamba mfumo wake ulituza uandikishaji kuliko mauzo halisi kwa wateja.

Swali linalofuata mantiki ya Koscot ni rahisi kiasi cha kuulizwa na mtu yeyote: nani anakula, anapaka au anatumia kitu hiki bila kuwa na matumaini ya kulipwa? Wasipopatikana watu wa aina hiyo, basi wauzaji wenyewe ndio wateja, na faida ya wa juu ni mtaji wa wa chini.

Lugha ya shamba na lugha ya familia

Kwa mwanafunzi wa isimujamii, eneo hili lina utajiri ambao bado haujachimbwa vya kutosha. Anayejiunga na mfumo wa ngazi hapewi kazi, hupewa "fursa". Haambiwi kwamba ana wateja. Ana "timu", na mara nyingi "familia". Aliyemwandikisha si wakala aliyelipwa kwa kumleta. Ni "mlezi" au "kiongozi". Anayehoji huitwa mtu wa "mawazo hasi", na ndugu zake wanaomwonya huitwa "wauaji wa ndoto". Msamiati huu haueleweki kwa kutafuta maana ya neno moja moja. Kazi yake ni kulifunga eneo zima la kuuliza maswali, kwa sababu swali la kihasibu, kwa mfano "mwezi huu umebaki na shilingi ngapi baada ya nauli?", linageuzwa kuwa dosari ya imani.

Mwanasosholojia Nicole Biggart, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu mashirika ya uuzaji wa moja kwa moja nchini Marekani, alionyesha kwamba kampuni hizi hazifanani na ofisi ya kawaida. Zinaendeshwa kwa mvuto wa viongozi na kwa hisia za ujumuiya, zikikaribia dini kuliko kiwanda. Mikutano yake ina nyimbo, shuhuda na vifijo. Mary Kay Ash, aliyeasisi kampuni yake ya vipodozi mjini Dallas mwaka 1963, aliwatuza wauzaji bora kwa magari ya rangi ya waridi, na gari hilo likawa ushuhuda unaotembea barabarani.

Afrika Mashariki ina mfano wake, ingawa haukuwa na bidhaa yoyote. Mradi wa DECI, ambao shughuli zake zilisimamishwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009, uliwaambia wanachama kwamba hawakuwa wakiweka fedha bali "wakipanda mbegu", na kwamba siku ikifika "wangevuna". Ni sitiari iliyochaguliwa kwa ustadi wa kutisha. Mkulima hamuulizi jirani mahindi yake yametoka wapi, yametoka ardhini. Lakini fedha hazina ardhi. Mavuno ya mmoja yalikuwa mbegu za mwingine aliyekuja baada yake, na sitiari ndiyo iliyomficha mtu huyo wa pili. Aidha, anayepanda hutarajiwa kusubiri kwa subira, na akiona hakijaota hulaumu mvua. Nchini Kenya, ambako miradi ya namna hii ilizagaa na kuanguka hasa mwaka 2006 na 2007, jopokazi lililoongozwa na Francis Nyenze lilikadiria hasara kuwa zaidi ya shilingi bilioni 8. Waliopoteza wengi waliingizwa na watu waliowafahamu: mwalimu mwenzao, mshirika wa kanisa, mjomba. Pata potea ya barabarani huchezeshwa na mtu usiyemjua. Hii iliingia kupitia mlango ambao kwa kawaida haufungwi.

Ni lazima isemwe kwamba si haki kuitaja DECI na karamu ya vyombo kana kwamba ni kitu kimoja. Bakuli la plastiki lipo, na mnunuzi atalitumia miaka 20. Kinachoziunganisha ni chanzo cha nishati tu: zote mbili huendeshwa kwa uaminifu ambao watu waliujenga kwa sababu nyingine.

Upande wa pili wa sarafu

Wapo wanaoona kwamba lawama dhidi ya uchuuzi wa majumbani huelekezwa kwa wanawake kwa sababu tu ni kazi ya wanawake. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Katika Marekani ya miaka ya 1950, mwanamke mwenye watoto wadogo, asiye na cheti wala gari, hakuwa na milango mingi ya kubisha. Karamu ilimpa fedha zake mwenyewe, saa alizojipangia, na makofi ya watu wazima baada ya juma zima la kuosha vyombo. Msomi Alison Clarke, aliyeandika historia ya Tupperware mwaka 1999, ameonyesha kwamba mtandao huo uliwapa wanawake uwanja wa ujuzi na heshima ambao kampuni za wanaume ziliwanyima.

Nchini Kenya hali si ngeni. Vyama vya akina mama vimenunua sufuria, masinia na vikombe kwa zamu, mwanachama mmoja baada ya mwingine, na mikutano yake hufanyika sebuleni kwa mwenye zamu. Muuzaji wa vyombo akialikwa hapo, analetwa na uamuzi wa kikundi na bei hujadiliwa kwa sauti. Huenda hii ndiyo karamu ya mauzo yenye afya kuliko zote, kwa kuwa wajibu unazunguka: leo Mama Achieng' ndiye mwenyeji, mwezi ujao ni Mama Wanjiru, na hakuna anayevuna kwa wenzake zaidi ya wanavyovuna kwake. Kampuni ilipouchukua utaratibu huu na kuuelekeza upande mmoja, ilichukua mzunguko ikaunyoosha kuwa mfereji.

Hata hivyo, heshima haiondoi hatari. Muuzaji huyu katika mkataba si mwajiriwa. Hana mshahara, likizo wala bima. Bidhaa zisizouzika huozea chini ya kitanda chake. Nauli na chai ni zake. Kampuni hupata jeshi la wauzaji bila gharama za jeshi. Muuzaji akifanikiwa, picha yake huwekwa jukwaani. Akianguka, huitwa mfanyabiashara huru aliyefanya uamuzi wake.

Siku kumi

Sheria zimejaribu kumlinda mnunuzi kwa njia moja ya busara, yaani kumpa muda wa kutulia. Nchini Marekani, kanuni iliyotolewa mwaka 1972 humpa mteja aliyeuziwa nyumbani siku 3 za kazi za kubatilisha ununuzi. Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo mwaka 1985 lililoweka siku zisizopungua 7, ambazo ziliongezwa kuwa 14 kwa agizo la mwaka 2011. La kuvutia katika agizo la 1985 ni kwamba halikutaja nyumba ya mnunuzi peke yake. Lilitaja pia nyumba ya mtumiaji mwingine. Watunga sheria walikuwa wameishaketi, kimawazo, katika sebule ya mwenyeji.

Kenya ilifuata. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inatambua mikataba ya ana kwa ana inayofanywa nje ya mahali pa biashara, na kumruhusu mnunuzi kuivunja bila kutoa sababu yoyote hadi siku 10 baada ya kupokea nakala iliyoandikwa.

Wakati huohuo biashara yenyewe imebadilika. Mwaka 2022 vyombo vya Tupperware vilirejeshwa katika rafu za duka kubwa la Target nchini Marekani, na Septemba 2024 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Sebule nazo zimehamia katika simu. Mwenyeji wa leo hahitaji kupika chai; hufungua kundi la WhatsApp, huwaingiza binamu na waliosoma naye, na picha za vipodozi huanza kumiminika kabla yeyote hajaulizwa kama anataka. Anayetoka katika kundi hutajwa kwa msimamizi wake kwamba ametoka. Wengi hubaki, wakanyamaza, na siku moja wakanunua kitu kidogo ili kunyamaza kwao kusionekane.

Ndiyo maana siku 10 za sheria ni nyingi na ni chache. Zinamtosha kabisa mnunuzi aliyebishiwa hodi na mgeni asiyemfahamu. Lakini mama aliyejaza fomu sebuleni kwa rafiki yake, akafika nyumbani na kukumbuka karo, hana haja ya kutoa sababu mbele ya sheria. Anachohitaji ni kumpigia simu rafiki huyo, ambaye zawadi yake imeshahesabiwa pamoja na fomu ile, na ambaye keshokutwa watakutana kanisani.